Sange na Kipimo cha Uvivu

Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo hata bibi yake bibi yangu alizisikia kwa wenziwe tu, wanyama walikuwa na nyumba, mashamba na umbeya kama sisi. Haya, kaeni vizuri. Na wewe uliye karibu na mlango, mwache mwenzio, hadithi haiingii kwenye sikio linalofinywa.

Katika bonde moja liitwalo Matopemengi aliishi Sange. Mnamjua Sange? Si panya, ingawa ukimwita panya kwa mbali atageuka. Ni kamnyama kadogo, kana miguu myembamba ya mbio na pua ndefu inayochezacheza, kama mkonga ulioanza kuota ukakata tamaa. Kila asubuhi hufagia vijia vyake, jani moja moja, puku puku puku, mpaka njia inang'aa. Mwaka huo alikuwa amejifungua mapacha, na mumewe alikuwa ameacha kumwita kwa jina lake, sasa anamwita Mama Pacha.

Kwa sababu ya pua hiyo, ukoo wa Sange na ukoo wa Tembo walikuwa watani. Na utani mnaujua: mtani atakuambia lolote, hata msibani, na wewe huna ruhusa ya kununa.

Tembo ndiye aliyekuwa chifu wa bonde. Akimwona Sange njiani, humchokoza.

"Mtani! Hiyo pua yako ulinyang'anywa nusu?"

"Nilikupa unishikie, mtani, ukakimbia nayo!"

Basi watacheka kwa! kwa! kwa! Tembo mpaka masikio yanapiga upepo.

Sasa, Matopemengi kulikuwa na mfereji ulioleta maji mashambani kutoka chemchemini. Kila mwaka kabla ya kiangazi ulijaa tope, na bonde zima lilitoka kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kuuzibua. Wakubwa walikuwa na kipande chao, wadogo chao. Asubuhi kulipikwa uji wa mtama kwenye chungu kimoja kikubwa. Na wanyama wale walikuwa na adabu zao, mkubwa alikula kwanza. Tembo alitumbukiza mkonga, fyooo! Kiboko akafungua mdomo, gubu gubu! Nyati akafuata, mpwa mpwa mpwa! Fisi akamalizia. Wadogo waliambiwa, "Yenu baada ya kazi," na baada ya kazi walikuta ukoko. Hakuna aliyeona ajabu. Ilikuwa desturi tangu enzi za mababu.

Mwaka huo mfereji ulichelewa kuzibuka. Kipande cha wakubwa kilikwenda vizuri. Lakini kwa wadogo, jua likifika utosini tu, utamkuta Digidigi kaegemea jembe, Kanga kachuchumaa, Sange naye kakaa juu ya jiwe anahema.

"Wavivu!" Nyati alipiga kwato, ndu! "Hawa wana uvivu wa damu. Wamezaliwa nao! Wafukuzwe, wanakunywa maji ya bure."

"Usihukumu kabla hujachunguza," Tembo alisema, maana hakuwa mbaya, alikuwa mkubwa tu. "Nendeni mkachunguze, mniletee habari."

Nyati alikuwa wa kwanza kutoka. Yeye aliona dawa ni kuuliza. Alipita nyumba kwa nyumba, na tumpe sifa yake, kabla jua halijawa kali bonde zima lilikuwa limeulizwa. Taabu ilikuwa jinsi alivyouliza. Aliinamisha pembe mpaka puani pa mwenye nyumba.

"Hodi! Wewe! Ni mvivu?"

"Mimi? Hapana, Mzee Nyati! Hata kidogo!" Digidigi alijibu, magoti yakigongana ko ko ko.

"Unapenda kazi?"

"Naipenda, mzee! Hata usingizini nalima!"

"Basi mbona huchimbi?"

Digidigi akatazama chini. "Ni... ni mgongo, mzee."

Tumbo la Digidigi nalo likasema kitu, nguruuu, lakini Nyati hakuwa ameuliza tumbo. Akaenda kwa Kanga, Kanga akasema ni mwiba. Akafika kwa Sange, akamkuta anafagia.

"Mzee Nyati," Sange alisema, "ukimwekea mtu pembe puani hajibu swali, anajibu pembe."

"Kimya! Nimeuliza, nimejibiwa." Akarudi kwa Tembo. "Chifu, wote wanasema si wavivu. Kumbe juu ya uvivu ni waongo pia!"

Kiboko akacheka. "Maneno ni upepo. Mimi nitawatazama kwa macho yangu, tena kwa siri."

Akaenda kujificha kando ya mfereji nyuma ya tete. Tete moja. Kiboko mzima! Ndege wakatua mgongoni kwake wakidhani ni kichuguu, na watu wote wakamwona tangu mbali.

"Anatutazama!" Kanga alinong'ona. "Chimbeni!"

Weee! Majembe yakalia kacha kacha kacha! Kanga alichimba mpaka manyoya yakamtoka. Kiboko aliporudi alikuwa amenuna.

"Kumbe wanaweza! Nimeona mwenyewe, sikuambiwa na mtu. Basi siku nyingine wanafanya jeuri tu."

"Mzee Kiboko," Sange alisema, "umeona jinsi wanavyochimba mbele ya Kiboko. Ukishaondoka je?"

"Nikishaondoka nitaonaje?" Kiboko alimjibu. Na hilo, wanangu, lilikuwa swali zuri kweli.

Akabaki Fisi. "Ninyi mnagusa juu juu," alisema. "Mimi nitamchukua mmoja nimjue mpaka ndani."

Akamchagua Kobe. Akashinda naye kutwa nzima, akala naye, akalala kivulini naye. Alijua Kobe anapenda majani gani, alimwogopa nani utotoni, na kwa nini hasemezani na shangazi yake. Kobe alilia kidogo kwa furaha, maana tangu azaliwe hajapata mtu wa kumsikiliza kiasi kile. Fisi angeweza kukaa hapo hapo na kusema, "Sasa namjua Kobe." Lakini wapi!

"Chifu, Kobe amemaliza asubuhi nzima akiinua jembe. Basi wadogo wote ndivyo walivyo."

"Lakini huyo ni Kobe!" Sange alipiga kelele.

"Ni mdogo au si mdogo?"

"Ni mdogo, lakini..."

"Basi!"

Tembo akakuna kichwa kwa mkonga. Habari tatu, na zote zimeelekea upande mmoja. Akatoa hukumu: mwezi ukiandama, wadogo wahame Matopemengi, wakatafute maji ng'ambo ya Mbuga ya Vumbi.

Sange alisikia moyo ukimwanguka. Mbuga ya Vumbi haina mti wala tone la maji. Yeye angeikimbia, miguu anayo. Lakini mapacha wake miguu ilikuwa bado laini, na hakuna aliyepata kuvuka mbuga ile na watoto wachanga akafika nao wote.

Kesho yake wadogo walitoka kwenda kazini kabla ya jogoo. Hofu ilikuwa imewashika, wakachimba huku wameuma meno. Walidumu kidogo. Jua lilipopanda Digidigi akaanguka chini, pu! Kanga akakaa. Sange naye akaona jembe linamshinda, akarudi nyumbani anayumba.

"Hofu tunayo," alimwambia mumewe, "nia tunayo. Sasa kinachopungua ni nini?"

Mumewe alikuwa anahangaika na mapacha, ambao walikuwa wamelala kifudifudi, hawataki kucheza, hawataki kusimama, wamelegea kama matambara.

"Watoto wako nao wamekuwa wavivu, Mama Pacha. Labda kweli ni damu."

Sange akakaa, akawanyonyesha. Hata hawajamaliza vizuri, mmoja akaruka, vup! Wa pili akaruka, vup! Wakaanza kukimbizana chumba kizima, wakamwaga maji, wakamng'ata baba yao mkia.

Sange akawatazama. Pua yake ikaacha kucheza, na pua ya Sange haiachi kucheza ila akiwa na wazo.

"Baba Pacha," alisema polepole, "nashika njia ya kwa mtani wangu."

Alimkuta Tembo amekaa na wenzake, Nyati, Kiboko na Fisi.

"Mtani, hiyo pua bado hujaikunja tu? Itakanyagwa."

"Sema shida yako, mtani, kabla sijakupiga chafya ukarudi kwenu."

"Mmeuliza, mmetazama, mmemjua mmoja mpaka na shangazi yake. Lakini hamjajaribu."

"Kujaribu ndiyo nini?"

"Unabadilisha jambo moja tu. Mengine yote unayaacha yalivyo. Halafu unaangalia kama uvivu utabaki au utahama. Mimi nataka tubadilishe uji. Kesho wadogo tule kwanza, tushibe. Ninyi mle baada ya kazi."

"Nini!" Nyati alisimama. "Wadogo watangulie chunguni? Adabu iko wapi?"

Sange akainamisha macho kama mkwe. "Hebu fikiria, Mzee Nyati. Mvivu wa damu ukimshibisha, anafanya nini?"

Nyati akafikiri. Kufikiri kulimchukua muda. Kisha tabasamu likamjia, pana, mpaka kwenye pembe.

"Analala!"

"Na akilala mbele ya bonde zima, nani atabisha tena?"

"Hi hi hiii!" Fisi alijipiga mapaja. "Watakoroma! Wapeni uji, wapeni!"

"Ila nawaonea huruma ninyi," Sange aliendelea kwa sauti ya upole. "Kushinda na njaa mpaka jioni. Si mtashindwa kazi?"

"Sisi?" Kiboko alitunisha kifua. "Sisi tuna bidii ya damu! Bidii yetu haiko kwenye chungu!"

"Haiko kwenye chungu," Tembo alikubali.

"Haya, mmesema wenyewe. Sasa, wakubwa kwa siku huwa mnafika wapi?"

"Tukianzia tulipoachia, tunafika kwenye mkuyu," Tembo alisema.

"Na sisi?"

"Ninyi mkijitahidi sana, kwenye jiwe jeupe."

"Basi nachomeka kijiti kwenye mkuyu, na kijiti kwenye jiwe. Tembo hashindanishwi na Sange, maana ukiinama tu umekwisha chimba kuliko ukoo wangu mzima. Kila mmoja atapimwa kwa kawaida yake. Mpimaji awe Fuko. Haoni, na tusimwambie kijiti kipi ni cha nani. Akijua cha Nyati ataogopa, akijua changu atanihurumia, ni jirani yangu. Apapase tu aseme."

"Na nyie mnasemaje?" Tembo aliwauliza wenzake. Wote wakaitikia. Naye akainua mkonga juu, akaapa: "Wale ambao kipande chao hakitafika kijiti, hao ndio wavivu wa damu, nao watahama."

"Wawe nani, mtani?"

"Wawe nani! Neno la Tembo halirudi nyuma."

Asubuhi chungu kikafunuliwa. Digidigi alisogea akarudi, akasogea akarudi, hakuamini. Kanga alitumbukiza kichwa kizima akatoka na uji mpaka kwenye kishungi. Kobe alikuwa bado yuko njiani, wakamwekea. Wakubwa walisimama pembeni, wamekunja mikono, wanavuta harufu.

Digidigi akamfuata Sange, mdomo bado unang'aa.

"Dada, tuambie basi. Tuchimbe kwa nguvu kuliko siku zote?"

"Chimbeni mnavyojisikia."

"Lakini tukishindwa tunahama!"

"Nimesema, mnavyojisikia."

Mumewe akamvuta pembeni. "Mama Pacha, una wazimu? Waambie wajitahidi! Fikiria watoto!"

"Nawafikiria wao ndiyo maana nanyamaza," Sange alisema. "Nikiwahimiza, kesho Nyati atasema ni maneno yangu, si uji. Hata mimi sitajua."

Lakini msidhani hakuogopa. Aliogopa sana. Alikuwa ameweka watoto wake juu ya uji wa mtama. Na kama amekosea? Kama uvivu kweli umo kwenye damu, na atakuwa amewafukuzisha wenzake kwa ujanja wake mwenyewe? Akashika jembe, maana hakuna lingine la kufanya.

Kazi ikaanza. Macho yote ya wakubwa yakawa kwa wadogo, wanangojea wakorome. Hakuna aliyekuwa anawatazama wakubwa, wala wao wenyewe.

"Ngoja niegemee mti huu," Tembo alisema mapema tu. "Nipate kuwatazama vizuri."

"Hili jembe," Kiboko alilalamika, "leo limeongezwa chuma?"

"Usinisukume!" Nyati alimfokea Fisi.

"Nani kakusukuma? Mimi nimelala hapa, nachunguza kwa chini."

Ng'ambo, Digidigi alisimama kidogo kufuta jasho.

"Umeona?" Kiboko aliinua kidole kwa shida. "Kasimama! Mvivu!"

"Wa damu huyo," Nyati alisema, naye alikuwa amejinyoosha chali, miguu yote minne juu.

Jioni Fuko akaja na mikono yake mipana. Akaingia mfereji, papasa, papasa, papasa, mpaka mwisho. Wanyama wote wakakusanyika. Sange aliwakumbatia mapacha wake, mioyo yao mitatu ikipiga pamoja.

"Nimemaliza," Fuko alisema akipangusa tope. "Kuna kipande kimoja nimekipenda. Kimefika kijiti, kimepita, na kingo zake zimenyooka. Lakini cha pili! Jamani! Hata nusu hakijafika. Kumekwaruzwakwaruzwa tu, tena katikati kuna mahali pamelaliwa."

"Pamelaliwa! Sikuwaambia?" Nyati aliruka kwa furaha, ingawa alitua vibaya kwa sababu ya miguu kulegea. "Walilala! Wavivu wa damu! Chifu, wahame leo leo!"

"Leo leo!" Fisi na Kiboko wakaitikia.

"Neno langu halirudi," Tembo alisema kwa huzuni kidogo. Akamtazama mtani wake, akatazama na watoto wale wadogo. "Fuko, kipande hicho kibaya ndicho kipi?"

"Hicho cha kuishia kwenye mkuyu."

Nzi alipita, mzzz, kila mtu akamsikia. Tembo akatazama mkuyu. Nyati akatazama mkuyu. Kiboko akageuka kutazama kama kuna mkuyu mwingine.

"Ilikuwa njaa!" Kiboko alilipuka. "Mlitaka tuchimbe na nini? Magoti yalikuwa yananitetemeka!"

Digidigi akainua kichwa. "Magoti yanatetemeka, halafu masikio yanavuma?"

"Ndiyo!"

"Halafu jembe unaliona zito, kama limeongezwa chuma?"

"Ndiyo hasa! Wewe umejuaje?"

Digidigi alikitazama chungu tu. Na mmoja mmoja, wakubwa nao wakakitazama chungu. Tembo alikitazama kwa muda mrefu kuliko wote.

"Mbona hamkusema?" aliuliza kwa sauti ndogo ambayo hawajaizoea. "Nyati alipita akawauliza!"

"Mzee, mtu anasemaje mbele ya mgeni kwamba ana njaa?" Digidigi alisema. "Mama yangu alinilea. Nilisema mgongo."

"Mimi nilisema mwiba," Kanga alisema.

"Aaah!" Nyati ndipo alipozinduka. Macho yakawa mekundu. "Huyu Sange ametuchezea! Alisema anawapima wadogo, kumbe ametupima sisi! Nitamkanyaga!"

Akainamisha pembe. Mapacha wakalia, tii! tii! Lakini Sange hakukimbia. Alipita chini ya pembe za Nyati, akaenda mpaka kwenye mguu wa Tembo, akaugonga gonga kwa pua.

"Mtani, Mbuga ya Vumbi ni mbali. Nikusaidie kufunga mizigo?"

Tembo akatetemeka. Tumbo likatetemeka, mkonga ukatetemeka. Watu wakadhani ni hasira, wakaanza kurudi nyuma. Kumbe ni kicheko, kilikuwa kinatafuta njia ya kutokea.

"Kwa! kwa! kwa! kwaaa! Nyati, inua pembe zako. Huyu ni mtani wangu, na mtani hakanyagwi. Nimejihukumu kwa mdomo wangu!" Akajifuta machozi. Kisha akaacha kucheka. "Mkubwa ni jalala. Kosa hili ni langu. Wao wakishindwa, tulisema damu. Sisi tumeshindwa siku moja tu, tukasema njaa. Hakuna atakayehama. Naomba radhi, Digidigi. Naomba radhi, nyote."

"Siku moja si ushahidi!" Nyati alinung'unika. "Jua la leo lilikuwa kali. Na hao walikuwa na hofu ya kufukuzwa."

"Mzee Nyati," Sange alisema, na safari hii hakumtania, "hilo ndilo neno la maana kuliko yote uliyosema mwaka huu. Turudie."

Wakarudia. Wakala wakubwa kwanza, wadogo wakaanguka. Wakala wadogo kwanza, wakubwa wakaanguka. Kulikuwa na jua, kulikuwa na mawingu, na hukumu ilikuwa imefutwa, hakuna wa kuogopa, lakini mambo yakawa yale yale. Mwisho wakapika vyungu viwili wakala wote pamoja, na jioni Fuko akapapasa akasema vijiti vyote vimepitwa.

Isipokuwa Kobe. Kobe alishiba kama wenzake, akachimba polepole vilevile.

"Na huyu je?" Fisi aliuliza.

"Huyu ni Kobe," wote walimjibu kwa pamoja.

Maji yakateremka mferejini, chururu, kabla kiangazi hakijaingia. Lakini Tembo alikuwa bado ana neno na mtani wake.

"Umenishindisha na njaa bila kuniambia kwamba ninayepimwa ni mimi."

"Ningekuambia, mtani, ungechimba mpaka ufe, ili unishinde."

"Kweli. Lakini faini utalipa. Utanifagilia njia kutoka kwangu mpaka chemchemini. Njia ya kunitosha mimi."

Mnajua upana wa Tembo? Sange alifagia, jani moja moja, puku puku puku, akimtukana mtani wake kila hatua, matako yake, masikio yake, na mababu zake wote waliozaliwa wanene. Tembo alitembea nyuma yake taratibu, anacheka, amebeba mapacha mgongoni na bakuli la uji mkongani, na kila baada ya mwendo kidogo aliinamisha lile bakuli ili mama yao anywe kwanza.

Hadithi yangu imefika kijiti chake, na funzo lake ni hili: kabla hujamwita mwenzio mvivu wa damu, shinda siku moja na tumbo lake.